Nani Anaruhusiwa Kusema Ndege Haiko Sawa?

Kwetu mashariki mwa Kongo, ndege ni lori. Nasema hivi kwa ajili ya wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao huenda wanaiona ndege kama chombo cha watu wenye suti na masanduku ya magurudumu. Ukitaka kutoka Bukavu kwenda Shabunda, barabara inaonekana vizuri zaidi kwenye ramani kuliko ardhini. Kwa hiyo chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia, mabati na bia husafiri kwa ndege ndogo za injini mbili, na abiria hukaa karibu na mizigo hiyo wakiwa wameshika watoto wao. Ndege inaporudi hubeba madini na wagonjwa. Mama muuza vitenge ambaye hajawahi kupanda gari la starehe anaweza kuwa amepanda ndege mara ishirini.

Ndiyo maana ndege inapoanguka nchini kwetu, huwaangukia wanyonge. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa Ndolo mjini Kinshasa, ikapitiliza mwisho wa njia ya kurukia na kuingia katika soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, karibu wote wakiwa ni wauzaji na wanunuzi waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta chakula. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa mjini Goma, ikaingia mtaa wa Birere. Wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Njia ya kurukia ya Goma ilikuwa imefupishwa na uji wa moto wa volkano ya Nyiragongo tangu Januari 2002. Miaka sita ilikuwa imepita na mawe yale yalikuwa bado yapo. Novemba 2019, ndege nyingine ndogo iliyokuwa ikielekea Beni ilianguka kwenye mtaa wa Mapendo, mjini Goma hapohapo.

Kila mara baada ya misiba kama hiyo, nilisikia wazee wakisema maneno yaleyale: ajali haina kinga. Methali hii inafariji. Inamwondolea mfiwa mzigo wa kujiuliza maswali usiku. Lakini nimeanza kuiogopa, kwa sababu inamwondolea maswali hata mtu ambaye alipaswa kuulizwa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na tafsiri. Sijui kurusha ndege wala kutengeneza injini. Niliingia katika habari hizi kwa njia ya kazi ya muhula. Kampuni moja ya usafiri wa anga iliomba idara yetu isaidie kutafsiri kijitabu cha Kifaransa kwa ajili ya wafanyakazi wake wa uwanjani: wapakia mizigo, wafagiaji, walinzi na wajaza mafuta. Kijitabu kilihusu mfumo wa kusimamia usalama. Mwalimu alinikabidhi kurasa kumi na nne, nami nikadhani nitazimaliza kwa siku mbili.

Nilichokikuta humo kilikuwa ubishi mrefu dhidi ya methali ya wazee wetu.

Zamani, usalama wa anga ulitafutwa kwenye mabaki. Ndege ilianguka, wachunguzi wakaenda, wakaokota vipande, wakaandika ripoti, kisha sheria ikabadilishwa. Njia hiyo ilisaidia sana, lakini ina bei mbaya: ili ujifunze, lazima kwanza watu wafe. Mfumo wa kusimamia usalama unataka mafunzo hayo yapatikane kabla ya mazishi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka matakwa yake pamoja katika Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, kilichoanza kutumika Novemba 2013. Kiambatisho hicho kinazitaka serikali zihakikishe kwamba mashirika ya ndege, karakana, viwanja na vituo vya kuongoza ndege vina mfumo huo.

Mfumo wenyewe una nguzo nne. Ya kwanza ni sera: mkubwa wa kampuni, yule mwenye mamlaka juu ya fedha, anatia saini kwamba usalama ni wajibu wake yeye, wala hawezi kumsukumia mtu wa chini. Ya pili ni kutafuta vyanzo vya hatari, kuvipima na kuvipunguza. Ya tatu ni kujikagua: je, tulichosema tutafanya tumekifanya, na kimesaidia? Ya nne ni kufundisha na kupashana habari, ili aliyejifunza jambo leo asibaki nalo peke yake.

Tabu yangu ya kwanza ilikuwa neno hatari. Wataalamu wa anga wanatenganisha vitu viwili ambavyo sisi, katika mazungumzo ya kila siku, tunaviita kwa neno hilohilo moja. Kitu cha kwanza ni kile kinachoweza kuleta madhara: ng'ombe aliyeingia kwenye njia ya kurukia, pipa lisilofungwa kamba, taa iliyozimika. Kitu cha pili ni hesabu: kuna uwezekano gani kwamba pipa hilo litaleta madhara, na yakitokea yatakuwa makubwa kiasi gani? Uwezekano hupewa namba, kuanzia 1 hadi 5, na ukubwa wa madhara hupewa herufi, kuanzia A hadi E. Jambo linaloweza kutokea mara kwa mara na kuua watu huandikwa 5A, na hapo kazi husimama. Jambo ambalo ni vigumu hata kulifikiria, na likitokea halidhuru, huandikwa 1E.

Nilitafuta katika kamusi, nikaona kihatarishi, neno linalotumiwa sana na maofisa wa Tanzania. Ni neno zuri, lakini nililisoma mbele ya wapakia mizigo watatu na wote wakaniangalia kimya. Mwisho nikaamua kuandika chanzo cha hatari kwa kile kitu cha kwanza, na kiwango cha hatari kwa ile hesabu. Hapo mmoja akasema, "Sasa naelewa. Pipa ni chanzo. Kiwango kinategemea kama tunaruka kwenye upepo." Kwa dakika moja alikuwa amefika pale ambapo mimi nilichukua jioni nzima.

Nilipokuwa nikisoma zaidi ili nielewe ninachokitafsiri, nilikutana na kisa cha Marekani ambacho hakijaniacha. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ya shirika la TWA ilikuwa inakaribia kutua katika uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Marubani walielewa kwamba ruhusa waliyopewa na waongozaji inawaruhusu kushuka chini zaidi. Waongozaji walikuwa na maana nyingine. Ndege ikagonga mlima, watu wote 92 wakafa.

Kinachoumiza ni kilichojulikana baadaye. Wiki kama sita kabla ya ajali hiyo, ndege ya shirika jingine, United, ilikuwa imeponea chupuchupu mahali hapohapo kwa kutoelewana kulekule. Marubani wake waliripoti ndani ya kampuni yao, na kampuni ikawaonya marubani wake wengine. Onyo hilo halikuwafikia marubani wa TWA. Kwa maneno mengine, dawa ya ajali ile ilikwisha kuwapo, imeandikwa, imo ndani ya jengo fulani katika nchi ileile. Haikuvuka barabara.

Kutokana na msiba huo, mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa ripoti za siri ambapo rubani, fundi au mwongozaji anaweza kueleza kosa au tukio. Kazi ya kuzipokea ripoti hizo haikupewa mamlaka inayotoa na kunyang'anya leseni. Ilipewa NASA, shirika la anga za juu, ambalo halina fimbo ya kumchapa mtu. Waliofanya uamuzi huo walielewa tabia ya binadamu: mtu hamwelezi aibu yake yule anayeweza kumnyima mkate.

Hapa inabidi nimlete kaka yangu. Kwetu kaka au dada mkubwa huitwa yaya, na wasomaji wa pwani wasishangae, hakuwahi kunilea kwa mshahara. Yaya alipakia mizigo kwenye uwanja mmoja wa mashariki, kwa malipo ya siku, bila mkataba. Anayefanya kazi hiyo huwa na mizani mabegani. Gunia la kilo 50 analijua kwa kuligusa, na gunia la kilo 65 lililoandikwa 50 analijua pia.

Siku moja walipakia magunia 31. Karatasi ya mizigo, ile ambayo rubani huitumia kupiga hesabu ya uzito, iliandikwa magunia 24. Yaya alimfuata kapita wao akamwambia namba hazilingani. Kapita akamuuliza kama siku hizi amekuwa rubani. Yaya akamfuata karani aliyeshika karatasi, na karani akamwambia mwenye mali ni mtu mkubwa, aache maneno. Ndege ikapaa. Ikafika salama. Kesho yake majina ya vibarua yaliposomwa langoni, la kwake halikusomwa, wala keshokutwa, wala wiki iliyofuata.

Kwa muda mrefu nilikasirishwa na kufukuzwa kwake. Siku hizi kinachonisumbua ni ile sentensi fupi: ikafika salama. Maana kwa kapita na kwa karani, kule kufika kulikuwa ushahidi. Kulithibitisha kwamba Yaya ni mwoga na kwamba magunia saba si kitu. Safari iliyofuata wakaweza kuzidisha manane.

Mwanasosholojia wa Marekani, Diane Vaughan, aliuchunguza mwendo huu katika kitabu chake cha 1996 kuhusu chombo cha anga za juu cha Challenger, kilicholipuka Januari 1986. Wahandisi walikuwa wameona mapema kwamba mipira ya kuzibia viungo vya roketi inaliwa na moto. Lakini kila mara chombo kiliporudi salama, kasoro hiyo ilizidi kuonekana ya kawaida. Watu hawakuamka asubuhi wakaamua kucheza na roho za wenzao. Walizoea hatua kwa hatua, kila bahati ikigeuzwa kuwa kipimo kipya.

Na bahati ya milimani kwetu ni nyembamba kuliko ya pwani. Viwanja vya Goma na Kavumu viko zaidi ya mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, mabawa hupata msaada mdogo, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Uzito ambao ndege ileile ingeumudu Mombasa unaweza kuizidi Goma. Isitoshe, gunia lililowekwa nyuma kupita kiasi huvuruga mizani ya ndege hata kama jumla ya kilo ni halali. Magunia saba yasiyoandikwa yanamfanya rubani apige hesabu ya ndege nyingine, siyo ile aliyoikalia.

Sasa weka kisa cha Dulles karibu na kisa cha Yaya. Kule Marekani habari ilikuwepo, ikakosa njia ya kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Kwetu habari ilikuwepo, ikakosa njia ya kutoka begani kwa kibarua hadi sikioni mwa rubani, umbali wa hatua thelathini.

Nilipofika ukurasa wa kumi na moja wa kijitabu, nilidhani nimeipata dawa. Hapo ndipo palipoelezwa kile ambacho wataalamu hukiita utamaduni wa haki. Jina hilo linaenda pamoja na kazi za James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyechunguza makosa ya watu ndani ya taasisi. Utamaduni huo hausemi kila mtu asamehewe. Unatofautisha. Aliyesahau, aliyeteleza, aliyechanganyikiwa kwa sababu fomu mbili zinafanana, huyo hafukuzwi. Fomu ndiyo inayorekebishwa. Aliyejua kwamba anachofanya kinaweza kuua na akakifanya kwa makusudi, huyo anawajibishwa. Kwa kipimo hicho, karani aliyeandika 24 huku akiyaona magunia 31 alikuwa na maswali ya kujibu. Yaya alistahili asante.

Chini ya maelezo hayo kulikuwa na sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi nene: toa ripoti bila hofu. Kwa Kiswahili ni maneno manne, wala haihitaji kamusi. Hata hivyo kalamu ilinigoma. Nilijiuliza: hofu ya nini, na nani ameiondoa? Nilirudia kijitabu chote kutafuta mahali palipoandikwa kwamba anayetoa ripoti hatapoteza kazi. Hapakuwepo. Palikuwa na neno kuhimiza, mara tano. Kampuni inahimiza, uongozi unahimiza.

Nikaomba kwa mwalimu, naye akaipeleka barua yangu kwa kampuni, kwamba sentensi ile ifuatwe na nyingine fupi: hutafukuzwa kwa sababu ya kusema ulichokiona. Jibu lilikuja baada ya siku chache, la adabu kabisa. Tafsiri ifuate maandishi ya asili.

Walikuwa na haki, kwa kanuni ya fani yangu. Mtafsiri hawezi kutoa ahadi ambayo mwenye maandishi hakuitoa. Lakini jibu hilo lilinifundisha kitu. Hadi siku ile niliamini kwamba tatizo ni lugha: kwamba fomu za usalama ziko kwa Kifaransa, mpakia mizigo anazungumza Kiswahili, basi tukitafsiri fomu, ripoti zitatoka. Lugha kweli ni kikwazo, na yule mpakia mizigo aliyeelewa pipa na kiwango ni shahidi wangu. Ila hofu haiondolewi na kitenzi cha amri. Inaondolewa siku mtu mmoja anaposema jambo mbele ya wote na kesho yake jina lake likasomwa langoni.

Najua pingamizi zinazoweza kuletwa. Kampuni zetu nyingi ni ndogo, zina ndege mbili au tatu, zitawezaje kuajiri mkuu wa usalama na wakaguzi? Jibu ni kwamba kanuni zenyewe zinataka mfumo ulingane na ukubwa wa kampuni. Kampuni ya ndege mbili haihitaji jengo. Inahitaji mtu mmoja anayejulikana, daftari, na mkubwa anayelisoma. Wengine watasema vibarua watatumia ripoti kuwachongea makapita. Baadhi watafanya hivyo. Lakini ripoti ni mwanzo wa kuuliza, na magunia yanahesabika; aliyesema uongo ataonekana.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la karatasi. Mashirika ya ndege yaliyosajiliwa Kongo yamo katika orodha ya yaliyopigwa marufuku kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya tangu orodha ya kwanza ya 2006, na sababu kubwa ni udhaifu wa usimamizi wa serikali. Katika hali hiyo kuna kishawishi cha kunakili kijitabu cha kampuni ya ng'ambo, kubadilisha nembo, kukitafsiri kwa msaada wa wanafunzi, na kukionyesha kwa mkaguzi. Nguzo zote nne zitasimama rafuni. Ukitaka kujua kama kampuni ina mfumo au ina kijitabu tu, usiombe kuonyeshwa kijitabu. Uliza mwaka huu wamepokea ripoti ngapi kutoka kwa watu wao wenyewe. Wakikujibu kwa fahari kwamba hawajapokea hata moja, panda kwa mashaka, maana katika kazi ya kupakia na kurusha ndege kila siku hakuna mwaka usio na pipa lililolegea. Mahali pasipo na ripoti pana watu waliojifunza kunyamaza.

Yaya amepata kazi tena, kwenye kampuni nyingine, na safari hii ana mkataba wa miezi sita. Nilimsomea tafsiri yangu nyumbani, yeye akiwa anakula. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mdogo wangu, nikisema, nani atanilinda?"

Sikutaka kumjibu kwa kijitabu. Nilimwambia nilichokiamini baada ya kazi yote ile: asiende peke yake, kwa kuwa ni rahisi kumfuta mmoja kwenye orodha kuliko watatu, asimfuate kapita kwanza, amtafute mtu ambaye jina lake limeandikwa kuwa msimamizi wa usalama, na kabla ya yote aandike tarehe, namba ya ndege, alichokiona na alichokihesabu, kwa maneno ya kawaida, bila kumtukana mtu. Kampuni ikiwa haina mtu wa namna hiyo, basi hilo nalo ni jibu, na achague kunyamaza au kuondoka akijua anachochagua.

Siku ya pili alinunua daftari la kurasa 48. Jina la msimamizi lipo, limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ndogo karibu na ghala la mizigo. Mpaka ninapoandika insha hii, daftari lina maingizo matatu kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Moja linahusu kamba zilizokatika, la pili linahusu mafuta yaliyomwagika, na la tatu linahusu magunia. Amezungumza na wenzake wawili. Mmoja amekubali kwenda naye Jumatatu, na wa pili ameomba apewe muda wa kuongea na mke wake kwanza.